Programu ya Hisabati Inapozimika: Namna ya Kuchunguza Hitilafu katika Ukokotoaji wa Matriki

Utangulizi

Miaka michache iliyopita, mimi na wenzangu tulikuwa tukichanganua kumbukumbu za wagonjwa wa shinikizo la damu waliohudhuria kliniki moja kwa muda mrefu. Swali letu lilikuwa jepesi kulitamka: ni mambo gani yanayoandamana na kupungua kwa uwezo wa figo kuchuja damu, na ni wagonjwa gani, basi, waitwe mapema zaidi kupimwa? Usiku mmoja, zikiwa zimebaki siku mbili tuwasilishe taarifa, programu ya hisabati ilisimama katikati ya kazi na kutoa ujumbe kwamba matriki yetu haina kinyume.

Kijana aliyekuwa akitusaidia upande wa takwimu akaniambia, "Daktari, usiwe na wasiwasi. Ipo amri nyingine ambayo hailalamiki." Akaandika upya mstari mmoja, na matokeo yakatoka yamejipanga vizuri. Tulipoyasoma, yalituambia kwamba kwa kila mwaka wa kalenda uliopita, figo za wagonjwa wa kliniki ile zilizidi kudhoofika, hata baada ya umri wao kuzingatiwa. Kwa maneno mengine, huduma ilikuwa ikizorota mwaka hadi mwaka. Tulikaribia kuwaandikia viongozi wa kliniki barua ya kuwataka wajieleze.

Habari hiyo haikuwa ya kweli. Ilitengenezwa na hesabu yenyewe, kwa sababu tuliinyamazisha kengele badala ya kuuliza kwa nini inalia. Makala hii inaeleza kwa nini programu za hisabati huzimika zinapokokotoa matriki, na namna ya kuichunguza hitilafu hiyo kwa utaratibu uleule tunaoutumia kumchunguza mgonjwa.

Matriki ni nini, nayo inamhusu nini mgonjwa?

Matriki ni jedwali la namba lililopangwa kwa safu mlalo na safu wima. Rejesta ya kliniki ni mfano ulio karibu nasi: kila mgonjwa ni safu mlalo moja, na kila kipimo chake, yaani umri, uzito, urefu, shinikizo la damu, ni safu wima moja. Mtafiti anapotaka kujua jinsi vipimo hivyo vinavyohusiana, kompyuta hulichukua jedwali zima na kulitatua kama mfumo wa milinganyo mingi kwa pamoja.

Picha za uchunguzi nazo ni matriki. Godfrey Hounsfield alipotengeneza mashine ya kwanza ya CT scan nchini Uingereza, jaribio lake la awali la maabara lilihitaji siku 9 kukusanya vipimo 28,000, na kompyuta kubwa ya wakati huo ikahitaji saa 2 na nusu kuvigeuza kuwa picha moja. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Picha za mashine hiyo zilikuwa na visanduku 80 kwa 80, yaani namba 6,400. Leo picha ya kawaida ya CT scan ina visanduku 512 kwa 512, ambavyo ni namba 262,144 kwa kila kipande kimoja cha mwili. Hounsfield alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kulifikiria tatizo hilo la kihisabati mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, matriki si jambo la wanahisabati peke yao. Iko nyuma ya picha unayoishika mkononi na nyuma ya utafiti unaoongoza matibabu yako.

Dalili: programu huangukaje?

Mtu akisema "kompyuta imekufa", hajasema mengi, sawa na mgonjwa anayesema tu kwamba anaumwa. Tuzitenganishe dalili, kwa kuwa kila moja huelekeza kwenye chanzo tofauti.

Dalili ya kwanza ni programu kusimama na kutoa ujumbe, huku yenyewe ikibaki wazi. Huyu ni mgonjwa anayeweza kujieleza, na ndiye rahisi kuliko wote kumtibu. Ya pili ni programu kutoweka ghafla baada ya kompyuta nzima kuwa nzito. Mara nyingi mfumo endeshi ndio ulioiua ili kuokoa kumbukumbu. Ya tatu ni programu kujifunga mara moja, pengine sekunde chache tu baada ya kuanza, ikiacha taarifa kwamba iligusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake. Hapo hushukiwa zaidi maktaba za chini zinazofanya hesabu. Ya nne ni programu kukaa kimya saa nzima, feni ikivuma. Hii huenda isiwe maradhi kabisa: katika kazi nyingi za matriki, ukiongeza upande wa jedwali mara 2, kazi huongezeka mara 8. Hesabu iliyochukua dakika 10 jana itachukua dakika 80 leo.

Ipo na ya tano, iliyo mbaya kuliko zote: programu isiyoanguka, bali inayotoa jibu la uongo kwa utulivu.

Chanzo cha kwanza: kumbukumbu kutotosha

Kwa kawaida kila namba ya desimali huchukua baiti 8. Matriki ya 10,000 kwa 10,000 ina namba milioni 100, hivyo inahitaji megabaiti 800. Ukifika 20,000 kwa 20,000, mahitaji ni gigabaiti 3.2. Ukiwa na wagonjwa 50,000 na kutaka jedwali linalomlinganisha kila mmoja na kila mwenzake, jedwali hilo peke yake litahitaji gigabaiti 20. Zaidi ya hapo, wakati wa kutafuta kinyume, programu huweka nakala ya jedwali la awali, jedwali la jibu na nafasi ya kufanyia kazi. Kompyuta ya mkononi yenye gigabaiti 8 haiwezi kuubeba mzigo huo.

Dawa yake si kununua mashine kubwa zaidi kila mara. Kwanza, piga hesabu kabla ya kutoa amri: zidisha idadi ya safu mlalo kwa safu wima, kisha zidisha kwa 8. Pili, usitafute kinyume cha matriki ikiwa unachohitaji ni kutatua milinganyo tu; programu za R, MATLAB na Octave zina amri za kutatua moja kwa moja, ambazo hutumia nafasi ndogo na hutoa jibu sahihi zaidi. Tatu, ikiwa sehemu kubwa ya jedwali ni sifuri, tumia aina ya matriki inayohifadhi namba zisizo sifuri pekee.

Chanzo cha pili: namba zisizo namba

Chanzo hiki huanzia kwenye meza ya kupimia wagonjwa. Tuchukue mfano wa uwiano wa uzito na urefu, ambao hupatikana kwa kugawanya uzito kwa mraba wa urefu. Mhudumu akikosa kumpima mgonjwa urefu na kuandika 0 badala ya kuacha wazi, kompyuta itagawanya kwa sifuri na kupata namba isiyo na kikomo. Safu mlalo moja ya namna hiyo kati ya maelfu inatosha kusimamisha uchanganuzi wote. Jedwali zima halina kosa jingine, lakini hesabu za matriki huchanganya kila namba na nyingine. Tone moja la mafuta ya taa huharibu mtungi mzima.

Hatari zaidi ni 999. Wapo wanaoandika 999 kumaanisha "haijulikani". Kompyuta haijui makubaliano hayo. Itamchukua mgonjwa kuwa na uzito wa kilo 999, itaendelea na kazi bila kulalamika, na wastani wa uzito utapanda. Hapo afadhali programu ingeanguka.

Dawa yake ni kukagua kila safu wima kabla ya kukokotoa: thamani ndogo kabisa ni ipi, kubwa kabisa ni ipi, na ni ngapi zimekosekana? Kazi hiyo huchukua dakika chache.

Chanzo cha tatu: matriki isiyo na kinyume

Chukua mfano wa vidonge. Nakuambia kwamba vidonge 2 vya aina ya kwanza na kimoja cha aina ya pili vina jumla ya miligramu 700 za dawa. Kisha nakuambia kwamba vidonge 4 vya aina ya kwanza na 2 vya aina ya pili vina miligramu 1,400. Je, kila kidonge kina kiasi gani? Huwezi kujua, kwa sababu sentensi ya pili imerudia ya kwanza kwa kuizidisha mara 2. Matriki ya milinganyo hiyo haina kinyume, na programu ikikataa kujibu, inasema kweli.

Sasa tazama hali ya kati. Tuseme mlinganyo wa pili unafanana sana na wa kwanza: mara 2 ya kidonge cha kwanza, ukijumlisha mara 1.001 ya kidonge cha pili, ni miligramu 700.2. Jibu lipo: kidonge cha kwanza kina miligramu 250 na cha pili 200. Lakini mizani ikikosea kwa sehemu moja tu ya kumi ya miligramu na kusoma 700.3, jibu linageuka kuwa 200 na 300. Kosa dogo la mizani limekiongezea kidonge cha pili nusu ya uzito wake. Matriki ya namna hii ina kinyume kwa nadharia, ila haiaminiki kwa vitendo.

Kompyuta hutunza takribani tarakimu 16 tu za kila namba. Matriki nyeti huzila tarakimu hizo moja baada ya nyingine, mpaka jibu linabaki bila hata tarakimu moja ya kutegemewa. Programu ya R husimama inapoona hali imefikia hapo. MATLAB na Octave hutoa onyo na kisha kuendelea, kwa hiyo mtumiaji asiyesoma maonyo huondoka na namba zisizo na maana.

Hilo ndilo lililotupata sisi. Katika jedwali letu tuliweka umri wa mgonjwa, mwaka aliozaliwa na mwaka aliohudhuria. Umri tuliupata kwa kutoa mwaka wa kuzaliwa katika mwaka wa kuhudhuria, kwa hiyo safu wima hizo 3 zilibeba habari za safu wima 2 tu. Ile amri isiyolalamika hutumia kinyume mbadala, ambacho kati ya majibu yasiyo na idadi huchagua lile lenye namba ndogo zaidi kwa jumla. Katika kulichagua, iliigawa athari ya umri: theluthi mbili zikabaki kwa umri, theluthi moja ikahamishiwa kwenye mwaka wa kuhudhuria, na theluthi moja nyingine, yenye alama ya hasi, kwenye mwaka wa kuzaliwa. Wagonjwa wetu walikuwa wakizeeka, kama sisi sote, na hesabu ikaitwisha kliniki sehemu ya uzee wao.

Tulipoondoa mwaka wa kuzaliwa, programu ilikwenda bila shida, na ile athari ya mwaka wa kalenda ikayeyuka. Barua haikuandikwa. Hata hivyo, kila nikumbukapo wauguzi wa kliniki ile, ambao walikuwa wakihudumia foleni ndefu kila asubuhi, naona aibu kwa jinsi tulivyokuwa karibu kuwahukumu.

Chanzo cha nne: maktaba za chini

R, MATLAB na Octave hazifanyi zenyewe kila hesabu ya matriki. Hukabidhi kazi kwa maktaba ziitwazo BLAS na LAPACK, ambazo zina matoleo kadhaa, mojawapo likiwa OpenBLAS. Programu ikijifunga ghafla bila ujumbe, mara nyingi tatizo liko huku.

Mambo mawili hujitokeza sana. La kwanza ni ukubwa wa namba za kuhesabia. Maktaba nyingi huhesabu nafasi kwa namba isiyozidi 2,147,483,647. Matriki ya mraba yenye upande wa 46,341 huvuka kikomo hicho, na maktaba inaweza kuikataa au kuanguka. Vilevile, programu iliyoundwa kwa namba ndefu ikiunganishwa na maktaba ya namba fupi, huanguka hata kwa matriki ndogo. La pili ni kugawana kazi. OpenBLAS hugawa hesabu kwa nyuzi nyingi zinazofanya kazi sambamba, na nyuzi hizo zinaweza kugongana na mgawanyo mwingine wa kazi aliouanzisha mtumiaji mwenyewe. Kipimo chake ni rahisi: weka OPENBLAS_NUM_THREADS kuwa 1, kisha rudia. Hitilafu ikitoweka, umejua pa kutazama. Katika R, amri ya sessionInfo() itakuonesha ni maktaba ipi inayotumika.

Utaratibu wa uchunguzi

1. Chukua historia. Nakili ujumbe wa kosa neno kwa neno. Andika toleo la programu, mfumo endeshi, ukubwa wa matriki, na jambo lililobadilika tangu mara ya mwisho kazi hiyo ilipofaulu. Masasisho yaliyowekwa jana ni sehemu ya historia.

2. Rudia tukio katika programu iliyofunguliwa upya. Hitilafu isiyorudi hukupa habari tofauti na ile inayorudi kila mara mahali palepale.

3. Punguza ukubwa. Jaribu na wagonjwa 100 badala ya 50,000. Ikifaulu, shuku kumbukumbu au safu mlalo fulani. Ikianguka tena, shuku muundo wa matriki au maktaba.

4. Gawa nusu kwa nusu. Kata jedwali mara 2 na uijaribu kila nusu. Ile inayoanguka ikate tena. Kwa jedwali la safu mlalo 50,000, mikato isiyozidi 16 hukufikisha kwenye safu mlalo moja yenye tatizo.

5. Weka mahali pake matriki nyingine ya ukubwa uleule, iliyojazwa namba za kubahatisha. Ikifaulu, data yako ndiyo mgonjwa. Isipofaulu, mgonjwa ni kompyuta.

6. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja hupona bila kujua dawa iliyomponya.

7. Hifadhi kazi katika kila hatua, ili kuanguka kusikurudishe mwanzo.

Onyo moja linawahusu hasa wahudumu wa afya. Unapoomba msaada kwa mtaalamu wa nje, usimtumie jedwali la wagonjwa. Tengeneza jedwali dogo la kubuni linaloanguka kwa namna ileile. Kumbuka pia kwamba programu inapoanguka, inaweza kuacha kwenye diski faili lenye sehemu ya kumbukumbu yake, pamoja na taarifa za wagonjwa ndani yake. Faili hilo ni siri ya tiba kama lilivyo jalada la mgonjwa.

Tusiinyamazishe kengele

Kati ya 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa 6 nchini Marekani na Kanada kwa mionzi mikubwa kupita kiasi, na baadhi yao wakafariki. Kosa lake halikuwa la matriki, lakini somo lake linatufaa. Mashine ilitoa jumbe fupi zisizoeleweka, mojawapo ikitaja hitilafu namba 54, na ilizitoa mara kwa mara kiasi kwamba waendeshaji walizoea kubonyeza kitufe cha kuendelea. Katika tukio la Januari 1987, kihesabio cha programu kilikuwa na nafasi ya baiti 1 tu, ambayo mwisho wake ni 255. Kilipofika mara ya 256 kilirudi sifuri, na programu ikaisoma sifuri hiyo kana kwamba hakuna haja ya ukaguzi.

Nafasi iliyojaa, ujumbe uliopuuzwa, na mtu aliyezoea kusonga mbele: mambo hayo hukutana pia katika chumba cha utafiti, ingawa huko madhara huchelewa kuonekana.

Hitimisho

Kwa wewe mgonjwa, unapoulizwa umri wako au kuombwa usimame kwenye kipimo cha urefu, usidhani ni taratibu za kujaza karatasi. Namba hiyo itasafiri mbali. Ikiwa huijui tarehe yako ya kuzaliwa, sema hujui. "Sijui" iliyoandikwa wazi ina faida kuliko mwaka wa kubuni.

Kwa wewe mhudumu, kisanduku kisicho na kipimo kiache wazi, usikijaze sifuri wala 999.

Na kwa mwenzangu mtafiti, programu ikikataa kuendelea, itendee kama unavyomtendea mgonjwa mwenye maumivu ya tumbo. Hatumpi dawa ya kutuliza na kumrudisha nyumbani kabla hatujajua kinachomuumiza. Yule kijana wetu sasa anawafundisha wengine, na nimesikia kwamba somo lake la kwanza huwa ni kusoma ujumbe wa kosa kwa sauti, mpaka mwisho, kabla ya kugusa kitufe chochote.